Mtoto Asiyelia

Mvua ile bado inanyesha kichwani mwangu. Nikifumba macho naiona ikiteremka milima ya Fizi polepole, nyeupe, na mimi nimelala kati ya mihogo nyuma ya kijiji cha Mboko, nazaa kabla mwezi wangu haujafika. Asubuhi hiyo bunduki zilikuwa zimelia tena barabarani, tukakimbia kama miezi yote ile. Mama mkwe ndiye aliyempokea mtoto. Alimfunga ndani ya kitambaa cha kikwembe kilicholowa, maana kikavu hatukuwa nacho. Mtoto hakulia. Alikoroma kidogo, akalala.

"Mungu asifiwe," mama mkwe akaninong'oneza. "Huyu anajua vita."

Wakati ule mtoto asiyelia alikuwa dhahabu. Mama mwenye mtoto wa kelele aliambiwa wazi mafichoni: we mama, enda na mutoto wako kule mbali. Basi mimi nikawa malkia. Bamama walikuja kumshika wangu, wakasema mutoto mupole hivi ametoka kwa Mungu moja kwa moja. Nami nikavimba kichwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba kimya kingi kina mshindo.

Alilala, na mimi nikalala naye. Nilimwamsha anyonye, akavuta mara mbili tatu, akasinzia tena. Mikono yake ilikuwa baridi hata jua likiwaka, na macho yalibaki ya manjano. Tulielea hivyo, nasikia ziwa linapumua kwa mbali, sijui kama ni asubuhi ao jioni. Ilikuwa tamu, nasema kweli. Nakasirika hadi leo nikikumbuka ilivyokuwa tamu.

Njia ya Nundu ilipotulia tulimpeleka kwenye kituo cha afya. Mkunga wa pale alikuwa mwanamke wa ulimi mkali. Alimtazama mwanangu, hakumsifu. Akauliza alizaliwa wapi, na tulikula nini.

"Mihogo," nikajibu.

"Muliloweka siku ngapi?"

Nikacheka. Nani analoweka mihogo michungu vizuri huku anakimbia? Kwetu huachwa majini mpaka ilainike. Sisi tuliitoa ingali migumu.

Yeye hakucheka. Aligusa koo lake mwenyewe. "Kuna tezi hapa. Ndiyo inaamusha mwili na akili. Mutoto akizaliwa, baridi ya inje inaishitua, kazi yake inaruka juu, kisha inatulia. Wako alizaliwa mbele ya wakati, mu mvua, na sumu ya ile mihogo, ile inazuia tezi, ilikuwa mu damu yako. Mi sijui kama tezi yake imechoka tu, ao imelala kabisa. Ikilala bila dawa, mwili utakua, akili itabaki nyuma."

"Lakini ni mupole!"

"Mupole gani? Mutoto iko nazimika!"

Alimchoma sindano kisiginoni. Tone la damu likatoka, akaligusisha kwenye karatasi nene. Mwanangu alifumbua macho, akayafumba. Hakulia hata hapo.

Karatasi ilivuka ziwa na mashua kwenda kupimwa, na jibu likarudi vilevile: tezi ilikuwa imelala, aanze dawa. Kila asubuhi nilisaga kidonge kwa kijiko, nikakichanganya na maziwa yangu, nikamtilia mdomoni. Kisha nilimtazama. Nilimfinya hata mashavu, nikimwomba: kasirika, baba, nitukane basi.

Vita vikarudi. Mchana mmoja tulijificha kwenye matete ya ziwa karibu na mji wa Baraka, na viatu vya askari vilisikika barabarani. Mwanangu akafungua kinywa, akalia. Alilia kwa sauti nene, ya hasira, mwili mzima ukitetemeka.

"Mufunge kinywa!" watu wakanong'ona. Mama mkwe akanyoosha mkono amzibe. Niliushika mkono ule, nikaukaza. Alinitazama kama nimerukwa na akili, kwa sababu nilikuwa nacheka na machozi yananitiririka.

Mmoja mmoja, wenzetu walitambaa wakatuacha. Askari walikuwa bado wanapita.

Titi nilimpa, ndiyo. Ila sikuharakisha.