Meza ya Taili Haitaki Haraka

Siku yangu ya kwanza kazini, Foremani hakuniuliza hata jina. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, akanirushia karatasi ya msasa na kusema, "Wewe utasugua. Brashi ni ya wanaume." Hiyo ilikuwa Kitale, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwenye karakana moja ya samani. Nilikuwa nimetoka kwetu Matulo na cheti cha useremala, na brashi nilijua kuishika. Lakini kazi ilikuwa shida kupata, nikaiokota ile karatasi. Siku hizi wajukuu wananiambia ati nyanya amekuwa na hasira za uzee. Uzee gani, bana! Hasira hii ni ya siku ile, nimeitunza tu.

Basi nikasugua. Unaanza na msasa mkali, unamaliza na laini, na mkono unafuata nyuzi za mbao zinakoelekea. Ukisugua kwa kuzikata, huoni kitu mpaka vanishi iingie. Hapo mikwaruzo yote inajitokeza, na ni wewe na mteja. Foremani alikuwa mtu wa matusi, lakini kazi aliijua, sitamnyima haki yake. Alikuwa anafumba macho na kupitisha kiganja juu ya mbao. Akigusa pahali pabaya, anapiga kelele, "Nani amesugua hapa kama mtu anakuna mbwa?" Wenzangu wanacheka, mimi narudia.

Nikiwa nasugua, macho yangu yalikuwa kwa wapakaji. Hivyo ndivyo nilivyojifunza zile rangi zisizo na rangi, zinazolinda mbao huku zikiiacha ionekane. Shelaki inang'aa vizuri ajabu, mpaka mtu aweke kikombe cha chai moto. Kikitoka kinaacha duara jeupe. Mafuta ya kitani ni mazuri kwa mpini wa jembe, lakini kila mara yanataka kurudiwa. Laka inapulizwa kwa mashine na kukauka upesi, mteja anabeba mzigo wake jioni hiyohiyo. Ubaya wake ni kwamba ile tuliyokuwa nayo haikunyumbuka: mbao ikivimba wakati wa mvua, laka inapasuka. Halafu kuna vanishi ya poliyurethani. Hiyo ni nzito, inachelewa kukauka, na inanasa kila nzi wa Trans Nzoia. Lakini ikishakomaa, chai ya moto unaipangusa tu.

Brashi niliipata siku mpakaji mkuu alipokuja kazini akinuka chang'aa na kutapikia kabati la mteja. Foremani aligeuka huku na huku, akaona hana mtu. Nikapaka. Alipitisha kiganja, akakohoa, akasema, "Kesho weka koti ya pili," yaani tabaka la pili la vanishi. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa sifa.

Miaka ya tisini ilipoanza nilihamishiwa tawi la Bungoma. Huko mkubwa wetu alikuwa Meneja, mtu wa tai na manukato, na msemo wake ulikuwa mmoja: "Mteja ananunua kwa macho." Kwake kila kitu kilikuwa laka. Kitanda, laka. Meza ya hoteli inayomwagiwa supu kutwa, laka. Nikimwambia haitadumu, ananijibu, "Si ikiharibika atanunua ingine?" Ebu fikiria mtu kama huyo kupewa karakana!

Wakati huo baba yangu alikuwa ameacha uashi kwa sababu macho yalikuwa yanaingia ukungu. Kila nyumba aliyowahi kujenga, alikuwa akirudi na kipande cha taili kilichobaki: cha buluu, cha maua, cha kijani cha bafuni. Mama alikuwa akilalamikia huo mzigo chini ya kitanda. Sasa mzee akachukua mbao ngumu za elgoni tiki, akatengeneza meza kubwa kwa mikono yake, akiipima kwa vidole zaidi kuliko macho. Juu akataka kupanga taili zake zote, na kandokando aache ukingo wa mbao.

"Nekesa," akaniambia, "hii meza si ya kuuza. Siku mtakayonizika, watu watakula hapa. Niambie nipake nini idumu mpaka siku hiyo."

Usishtuke. Kwetu mzee anapanga matanga yake waziwazi kama anayepanga mavuno. Nikamweleza polepole. Taili haivimbi lakini mbao inavimba, na pale zinapokutana ndipo maji yanapoingilia. Kwa hivyo mbao ipakwe kila upande, hata chini kusikoonekana, kabla ya kubandika taili. Iwe poliyurethani, koti juu ya koti, na katikati msasa laini. Halafu iachwe ikomae, isiguswe.

"Ningoje, nitakuja kuipaka mwenyewe," nikasema. Wiki hiyohiyo Meneja akanituma Lwakhakha, kule mpakani, kufunga kaunta za duka.

Baba hakungoja. Alibandika taili, akakodi pikapu, akaipeleka meza kwa karakana yetu. Niliporudi nyumbani niliikuta sebuleni inawaka kama kioo. Nikainusa tu, nikajua. Laka! Na upande wa chini hata brashi haikuwa imepita.

"Baba, si nilikwambia ungoje?"

"Meneja alisema wewe ni mtu wa msasa tu. Alisema vanishi mwanamke hawezi."

"Na wewe ukamwamini?"

Mzee akatazama pembeni. "Alikuwa amevaa tai," akasema.

Nilitoka nje nikalia kwa hasira nyuma ya choo. Meneja alikuwa mjinga wake, sawa. Lakini baba yangu mwenyewe, aliyenilipia karo ya useremala kwa jasho la kubeba mawe!

Mvua za Aprili zikanyesha. Wazee wa kanisa wakaja kumwona baba, wakanywa chai, wakainua vikombe: maduara meupe kila pahali. Kandokando ya taili laka ilikuwa imeanza kubabuka kama ngozi iliyochomwa na jua. Mzee mmoja akafungua mdomo aseme kitu, mama akawahi kumwongeza chai. Baba alikuwa akipitisha vidole pale palipobabuka mpaka wageni wakaondoka.

Nilimwendea Meneja Jumatatu asubuhi. "Ile meza ni ya matanga ya baba yangu!" nikamwambia mbele ya watu.

"Kwani amekufa?" akauliza, na watu wakacheka. Mpaka leo kicheko kile kinanipandisha presha.

Nikachukua likizo. Nikakwangua laka yote, nikageuza meza miguu juu, nikapaka chini, nikapaka kando, nikarudia na kurudia. Nikatangaza kwa nyumba nzima kwamba meza isiguswe. Lakini nyinyi mnawajua mama zetu na vitambaa. Kwa mama, meza isiyo na kitambaa cha kufuma ni kama mtu asiye na nguo. Aliposikia kuna wageni wanakuja, akakitandika. Niliporudi kutoka kisimani kilikuwa kimeshika kwenye kona, na nilipokibandua kikaacha maua yake yote kwenye vanishi.

Nilipiga ukemi majirani wakatoka. Nikachukua msasa nikwangue tena, lakini baba akaweka kiganja chake kwenye ile kona, akapapasa maua.

"Hapa uache," akasema. "Haya hata mimi nayaona."

Nikaacha. Hiyo ndiyo radhi pekee aliyowahi kuniomba, kama ilikuwa radhi.

Nilistaafu baadaye sana. Siku ya kuniaga mkubwa mpya alinisifu kwa hotuba ndefu, ati nilikuwa "mkono wa kuaminika wa msasa". Nikawapigia makofi na meno nimeyauma. Mkitaka ushauri wangu, vijana, ni huu: anayekuharakisha muulize atakuwa wapi mbao ikivimba.

Baba alitutoka mwaka uleule. Asubuhi ya mazishi meza ikatolewa nje chini ya turubai, na mama akaja na kitambaa kikubwa cheupe.

"Leo hapana, mama," nikamwambia. "Leo waione."

Watu walikula hapo kutwa. Walimwaga chai, walimwaga mchuzi, waliweka vikombe vya moto kwenye ukingo wa mbao, na manyunyu yakaipata upande mmoja. Jioni nikachukua kitambaa chenye maji nikapangusa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na duara hata moja. Nilifika kwenye kona ya maua ya mama, nikaweka kiganja pale alipokuwa akiweka chake, na nikamkasirikia upya, yule mzee, kwa kuwa mara hii pia hakungoja.