Nilimfundisha Mtu Kuwa Mpemba

Siku yangu ya kwanza kazini sikuigiza. Nilisimamishwa mbele ya watu kumi na wawili katika ukumbi wa skuli moja hapa Chake Chake, Pemba, nikapewa karatasi nisome. Nilisoma mstari mmoja tu. Mwenyekiti wa Kikundi cha maigizo, mtu mzima aliyevaa koti hata kwenye joto, akainua mkono.

"Binti, wewe wa wapi?"

"Wa Tumbe, Mwenyekiti."

"Inasikika. Sauti unayo na woga huna. Lakini ulimi huo kauoshe kwanza. Ukirudi Jumatatu sitaki kusikia *yuno* wala *kino*. Ni *huyu* na *hiki*. Umefahamu?"

Nilikuwa na miaka ishirini. Nikamjibu "Ndiyo, Mwenyekiti," na nikamshukuru. Leo nimepita sitini, na kila nikizikumbuka zile shukrani natamani nirudi ukumbini nikamnyang'anye. Maana Mwenyekiti hakuwa mgeni. Mama yake alikuwa akisema *yuno* na *kino* kama mama yangu, kijiji cha pili kutoka kwetu.

Nyinyi vijana mnakuja nyumbani kuniuliza mtu huanzaje kuigiza na kazi huitafuta wapi. Nitakuelezeni. Nitaeleza kwa hasira, kwa sababu mambo haya sijui kuyaeleza vyengine.

Kikundi chetu kilikuwa cha michezo ya elimu. Tulikuwa tukizunguka vijijini na maigizo ya malaria, ya kichocho, ya kuchemsha maji. Vipaza sauti hatukuwa navyo, kwa hivyo jambo la kwanza kujifunza lilikuwa kutupa sauti: pumzi huitoi kooni, unaitoa tumboni, na maneno unayapeleka kwa mtu aliyekaa mwisho kabisa. Hilo nililipata upesi. Ulimi ndio ulionichukua miezi sita. Kila asubuhi nilisoma gazeti kwa sauti nyuma ya nyumba, mpaka nikawa nasema kama msomaji wa taarifa ya habari. Mwenyekiti akafurahi, akanipa sehemu kubwa.

Ilikuwa sehemu ya mama anayefungia kuku kwa chandarua huku mwanawe ana homa. Tuliipeleka Kengeja, kusini ya kisiwa. Tulishuka kwenye gari ya shamba pamoja na mikungu ya ndizi, tukacheza kwenye uwanja wa skuli, watu wamejaa. Nikaanza kusema kwa ule ulimi uliooshwa. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akamgeukia mwenzake.

"Wageni hawa wametoka wapi?"

"Wa Unguja hao. Waache wamalize."

Watu wakacheka. Wa nyuma wakaanza kuondoka. Nilimtazama yule bibi, nikaona haya ambayo sikuwahi kuiona jukwaani. Nikauacha muswada, yaani yale maneno tuliyoandikiwa na kuyahifadhi, nikamwendea mpaka alipokaa.

"Bibi, mie si mgeni, mie wa Tumbe. Mtoto yuno ana homa siku ya tatu, na chandarua kino nimewafungia kuku. Nifanyeje?"

Bibi akasimama. "Kumbe wajua kusema! Kuku ndio watakaokuzika wewe? Mtoto umpeleke hospitali!"

Mwengine akadakia kwamba hospitali ni mbali. Wa tatu akamjibu yule wa pili. Waliokuwa wakiondoka wakarudi. Igizo la nusu saa likaenda saa nzima, na watu wa Kengeja wakabishana nami kama vile yule mtoto yupo kweli na anaungua. Katika maisha yangu ya kazi sijapata siku nyengine kama ile.

Tulipofika Chake Chake, Mwenyekiti akaniita pembeni.

"Umeniaibisha. Wafadhili walikuwepo pale. Wamesikia lugha gani ile?"

"Wamesikia watu wakiitikia, Mwenyekiti."

"Kesho usije."

Nikavuka kwenda Unguja, kwa shangazi yangu, kutafuta usaili. Usaili ni hivi: unasimama mbele ya watu wasiokujua, unaigiza dakika mbili, wanakwambia ahsante, na wewe unarudi nyumbani kuipima ile ahsante ina maana gani. Nilipata ahsante nyingi. Kote huko nilikwenda na Kiswahili changu cha gazeti.

Siku moja, katika stesheni moja ya redio, nimeshaambiwa ahsante na natoka, nikakutana ukumbini na mama mfagizi wa Micheweni, Mpemba mwenzangu. Tukaamkiana kwa ulimi wa kwetu, tukacheka. Mlango ukafunguliwa, Mtayarishaji wa Maigizo akatoa kichwa.

"Wewe! Sema tena hivyo hivyo."

Kazi nikaipata palepale. Nilipewa kuwa Bi Mpemba, mchawi mjinga anayeuza dawa za mapenzi na kila mara zinamgeukia mwenyewe. Mtayarishaji alikaa nyuma ya kioo na kunielekeza kwa mkono. "Vuta zaidi," alikuwa akisema. "Vuta mpaka wacheke kabla hujalimaliza neno." Hebu angalieni. Wa kwanza alinifukuza kwa sababu ya ulimi wangu. Wa pili aliniajiri kwa ulimi huohuo, kwa sharti uchekwe.

Nilikaa miaka saba. Sitaki kukudanganyeni, nilipenda kujulikana. Sokoni watu walinisimamisha niwafanyie ile sauti, nami nikawafanyia.

Idi moja nikarudi Tumbe. Mama alikuwa anachambua mchele barazani, nikakaa karibu yake, nikamuuliza kama huwa anasikiliza maigizo ya redio ya Alhamisi.

"Nilikuwa nikisikiliza," alisema. "Siku hizi kuna mtu anatucheka mle. Anatufanya wachawi, anatufanya wapumbavu. Nikimsikia tu nazima."

Nikainamia ungo, nikaanza kuchambua naye. Mama akaacha mchele, akanitazama.

"Usinambie."

"Ndiyo mie, mama."

Akarudi kwenye mchele wake. Akatoa kijiwe, akakitupa uwanjani, akatoa chengine. "Basi kweli wajua kuigiza," alisema. "Mie mwenyewe mama yako sikukujua."

Hakulitaja tena jambo lile mpaka alipokufa. Angenipiga ingekuwa rahisi zaidi. Niliandika barua ya kuacha kazi wiki ileile. Mtayarishaji akashangaa. "Kwa nini? Watu wanakupenda!" Sikumjibu, na hasira ya kutomjibu ninayo hadi leo. Lakini hasira nyengine najielekezea mwenyewe: nilihitaji miaka saba na mama yangu ili nisikie kilichokuwa kikitoka mdomoni mwangu.

Nikarudi Pemba, nikawa nasomesha watoto wa chekechea na kucheza maigizo ya skuli. Miaka ikapita. Nilipofika hamsini, akaja Mwongozaji kutoka Bara. Mwongozaji ndiye mkubwa wa filamu, anayeamua nani asimame wapi na aseme vipi. Alikuwa anatengeneza filamu ya mjane anayelea wanawe kwa kupakua mizigo bandarini Wesha. Nikaenda kwenye usaili. Safari hii sikupeleka gazeti wala Bi Mpemba. Nilisema kama nilivyosema Kengeja. Nilipomaliza, Mwongozaji alikuwa amevua miwani anajifuta macho.

Baada ya wiki akanipigia simu.

"Mama Raya, umetutoa machozi sote. Sehemu ya mjane tumempa msanii mwenye jina, unajua mambo ya biashara. Lakini bila wewe hatuwezi. Tunakuomba uwe mwalimu wa lafudhi."

"Mwalimu wa nini?"

"Lafudhi. Matamshi. Umfundishe aseme kama wewe."

"Na mie nisemeje?"

Akacheka. Mie sikuwa nafanya mzaha.

Nilikubali. Niliogopa nikikataa wataleta Bi Mpemba mwengine, na safari hii ataonekana mpaka uso. Msanii wao aliitwa Neema, binti wa Bara, na wallahi hakuwa mtu mbaya. Aliniamkia shikamoo kila asubuhi. Aliandika kila kitu kwenye daftari. "Mama, hapo nimekosea wapi?" Kwa wiki mbili nilimpa vyote: mama yangu alivyokuwa akirefusha salamu, mahali sauti inapopanda, namna mwanamke wa Kipemba anavyonyamaza kwanza kabla ya kukataa. Jioni nikirudi nyumbani nilijaribu kumchukia, nisiweze. Nilimfundisha mtu kuwa mimi, na alikuwa mwanafunzi mzuri.

Siku ya kupiga picha Wesha, sehemu ngumu ilikuwa mjane anapoambiwa na karani wa bandari aondoke. Kila wanaporudia kipande kilekile wao huita teki. Walifika teki ya kumi na nne. Uso wa Neema ulikuwa sawa kabisa. Ulimi ndio uliokataa. Wachukuzi wenyewe wa Wesha, waliosimama pembeni kuangalia, walikuwa wakiuma midomo wasicheke.

Mwongozaji akanijia. "Nimepata njia. Tuchukue uso wa Neema, halafu wewe utatia sauti studio. Watu hawatajua."

"Hawatajua nini?"

"Kwamba siyo yeye anayesema."

Neema alikuwa amesikia. Alisogea, jasho linamtoka, gunia bado liko begani. "Bosi, mpe yeye hii sehemu. Hata mimi naona."

"Neema, rudi mahali pako."

Nilikuwa na vile vidude vya masikioni vya kusikilizia. Nikavivua, nikaviweka juu ya kiti chake Mwongozaji. "Sauti yangu haiendi pahala ambapo uso wangu haukualikwa," nikamwambia. Nikashika njia kwa miguu mpaka Chake Chake. Kustaafu kwangu kulikuwa huko, bila cheti wala hafla. Filamu ilipooneshwa, vijana ukumbini walicheka pale walipotakiwa kulia. Nilimwonea huruma Neema, basi.

Mkiniuliza mfanye nini, nawaambia Kiswahili sanifu kijifunzeni, ni ufundi wa kazi yenu kama kutupa sauti. Lakini yeyote anayekwambieni mmoja wa ndimi zenu ni uchafu, au ni kichekesho, muulizeni anataka kuwafanyia nini mama zenu. Muulizeni palepale, mbele ya watu. Msingoje kama nilivyongoja.

Mwaka huu wako vijana wa Tumbe wanaotengeneza filamu yao kwa simu. Kiongozi wao ni Salma, binti anayesomea ualimu. Alinijia akaniomba nicheze mwanamke anayefuatilia karatasi ofisini, kila siku anaambiwa njoo kesho. Nikakubali kwa furaha. Wakapanga meza darasani, kijana mmoja akawa ofisa, Salma akainua simu.

Nikafungua mdomo, ikatoka taarifa ya habari.

"Bibi, sema tu kama unavyosema na sisi," Salma akanambia kwa upole.

Nikajaribu tena, akatoka Bi Mpemba, amevuta maneno vilevile, baada ya miaka yote ile. Vijana wakaangua kicheko, kisha wakakikata kwa adabu, wakatazama chini. Nikabaki nimesimama mbele ya ile meza. Nilikuwa natafuta mdomoni mwangu kitu nilichozaliwa nacho na sikipati. Mwenyekiti aliniambia nikitupe, Mtayarishaji akakiuza, Mwongozaji alitaka akibandike kwa mwengine. Hasira ikanipanda kutoka miguuni mpaka kichwani.

"Bibi, tupumzike kidogo?"

"Usiizime hiyo simu."

Nikamgeukia yule kijana wa mezani. "Mwanangu, jana wanambia njoo kesho. Juzi wanambia njoo kesho. Mie leo siondoki hapano. Nitazame usoni unambie kitu kino kimekushinda nini." Yule kijana aliacha kuwa ofisa, akaanza kurudi nyuma na kiti chake. Nikamfuata. Nikamwambia ya ile meza na ya meza nyengine zote za maisha yangu.

Salma akashusha simu. "Basi Bibi, imetosha. Tumepata."

Wao walikuwa wamepata. Mie sikuwa nimemaliza, nikaendelea kusema.