Malkia wa Studio Yetu ya Dadar
Si kweli kwamba malkia wa filamu za marehemu mume wangu nilikuwa mimi. Alikuwa mpishi wa studio, mwanamume mwenye vidole vyembamba, kwani enzi hizo mwanamke wa heshima hakuigiza. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa sari, kisha akakoroga dengu huku akingojea jua la kupigia picha. Siku moja baba mkwe wangu aliingia. Mpishi akajifunika kichwa upesi, kama mkaza mwana afanyavyo mbele ya mkwe wake.

"We bwana, tangu lini ukaolewa?" mafundi wakamcheka.

"Nikae kichwa wazi mbele ya mzee, na sari hii mwilini?"

Majirani waliochungulia langoni wakaenda kutangaza kwamba wameniona studioni. Mimi sikuwahi kukanyaga huko. Msiniulize tena.