Paskazia na Bwana Afya

Paskazia alifika kwenye ranchi ya Mzee Jonathan akiwa na mfuko mmoja wa nguo na kigoda chake cha kukamulia. Mumewe, Pius, alikuwa ameoa mwanamke mwingine huko Geita, na ndugu zake wakamwita Paskazia wakamkalisha chini. Nyumba ni ya ukoo, walisema, na yeye hakujaliwa mtoto, basi arudi kwao. Walipomuuliza kama ana neno, alijibu, "Sina neno." Kwao hakubaki mtu ila mdogo wake, Teodora, ambaye alipanga chumba kimoja Igogo, mjini Mwanza, pamoja na watoto wake. Ndipo mtu wa kanisani pale Sengerema akamwambia kuna mzee anatafuta mkamuaji.

Ranchi yenyewe iko kwenye mteremko unaoshuka hadi ziwani. Si kubwa sana. Kuna mabanda mawili ya mabati, stoo ya pumba, vyumba vya wafanyakazi, na ng'ombe chotara wa maziwa ambao jioni hupelekwa kunywa maji kati ya mawe makubwa ya ufukweni. Mchungaji aliitwa Masalu, mtu mpole mwenye mke na watoto kijijini. Yeye na Paskazia walifanya kazi pamoja miaka mingi bila kugombana, na pia bila kuzungumza sana. Paskazia alikuwa mtu wa kimya. Alisalimia, alikamua, alifagia banda, akaingia chumbani kwake.

Paka alikuja ndani ya lori la pumba. Walipokuwa wanashusha magunia kitu kikalia katikati, na Masalu akatoa kipaka kimoja cheupe, kichwa na mkia vyeusi, kama mtu aliyevaa kofia. Sikio moja lilikuwa limeng'atwa na panya likabaki na pengo. Alipokua akawa na tabia moja. Kila alfajiri alipita banda hadi banda, akachungulia ndoo, akanusa mfereji wa mkojo, akatazama chini ya hori, kisha akaondoka bila kusema kitu, kama vile kuna mahali anakwenda kuandika ripoti. Masalu akamwita Bwana Afya, kama mkaguzi wa usafi, na jina likamkaa.

Ng'ombe walimpenda kwa namna yao. Ng'ombe ni mnyama mdadisi kuliko watu wanavyodhani. Akiona kitu asichokijua lazima aende akakinuse. Bwana Afya alipokaa juu ya ubao wa zizi la ndama, ndama wote walijikusanya, shingo zimenyooshwa, pua zimelowa, wakimnusa kwa pumzi nzito. Mmoja akipiga chafya, wote walitimka hadi mwisho wa zizi, halafu wakarudi taratibu, hatua kwa hatua, kana kwamba hawajawahi kumwona. Ndama jike mmoja mwekundu alipenda kumlamba mgongo kinyume cha manyoya mpaka yakasimama. Bwana Afya alifumba macho akavumilia, kama mtu aliyekalishwa kwa kinyozi.

Wakati wa kukamua alikuja kukaa karibu na kigoda. Paskazia aligeuza chuchu kidogo akamrushia maziwa, naye akayadaka kwa mdomo, mengine yakimmwagikia usoni. Siku ya kwanza alipofanya hivyo Paskazia alicheka kwa sauti, na Masalu akasimama na ndoo yake mkononi kwa sababu hakuwa amewahi kumsikia akicheka. Mchana, ng'ombe wakilala kucheua, paka alipanda mgongoni kwa yule ng'ombe mzee waliyemwita Mkoba, akajikunja pale penye joto. Jioni aliwasindikiza hadi getini, akawangoja wanywe maji warudi. Giza likiingia alikuwa kazini stoo, na panya walipungua kweli.

Taratibu Paskazia akaanza kusema naye. Alimweleza ng'ombe gani ana homa, mvua iko wapi, na mara nyingine alimweleza habari za Pius, ambazo hakuwahi kumweleza mtu.

Pasaka moja Queen, binti wa Mzee Jonathan anayeishi mjini Mwanza, alikuja kumsalimia baba yake. Alfajiri alishuka bandani na simu yake, akamkuta Bwana Afya anadaka maziwa huku ndama watatu wamemzunguka. Alisimama pale akirekodi.

"Mama, rudia tena," alisema. "Halafu usiongee. Na usogee kidogo, kivuli chako kinaingia."

Paskazia alisogea, akarudia.

Siku chache baadaye Masalu alikuja na simu yake. "Dada, huu si mkono wako?"

Ulikuwa mkono wake, na kovu la mundu juu ya kidole gumba. Ulionekana ukikamua, na maziwa yakiruka kwenda kinywani mwa Bwana Afya. Chini yake watu wa kila mkoa walikuwa wameandika kwamba wamecheka mpaka machozi. Paskazia alifurahi. Hakujua kwamba mkono wake unaweza kupendeza namna ile, akamwomba Masalu airudishe video mwanzo. Safari hii alisikiliza maneno pia. Sauti ya Queen ilisema, "Huyu ni Bwana Afya wangu. Nimemlea mwenyewe tangu akiwa mdogo."

"Amesema amemlea?" aliuliza.

"Ndivyo alivyosema," Masalu akajibu, akazima simu.

Watu wakaanza kuja. Jumamosi na Jumapili magari yalitoka Mwanza kwa kivuko cha Kamanga, mengine Geita, wakitaka kumwona paka wa ng'ombe. Mzee Jonathan miguu yake ilikuwa imevimba, hatoki nyumbani, mambo yote akamwachia binti yake. Queen akaweka mabenchi, akaleta friji ya soda, akapaka ubao wa zizi rangi ya kijani. Siku moja akamwita Paskazia pembeni.

"Mama, Jumamosi ukishakamua uwe unakaa kule nyuma ya stoo. Si kwa ubaya. Wageni wanapenda mahali pasafi."

Basi Paskazia alikamua mapema, akajaza ndoo, akaenda kukaa nyuma ya stoo. Kutoka kule alimsikia Queen akicheka. Queen alikuwa amevaa gambuti mpya, ameketi kwenye kigoda cha Paskazia, ndoo iliyokwisha kujazwa iko kati ya miguu yake, akipigwa picha. Wageni walipokezana Bwana Afya mikononi kama mtoto wa ubatizo. Jioni wakiondoka, paka alikuwa chini ya hori kabisa, hataki kuguswa hata na Paskazia.

Mvua za masika zilipokwisha, Queen alifungua mgahawa mjini. Akaja na boksi la karatasi ngumu lililotobolewa matundu.

"Dada Queen," Paskazia alisema, "huyu hajazoea mji. Ana ng'ombe wake hapa."

Queen alicheka, si kwa dharau, alicheka tu. "Mama, paka ni paka. Atakula samaki kila siku."

Bwana Afya alilia ndani ya boksi mpaka gari lilipopita geti. Asubuhi yake ndama walikuja kwenye ubao kama kawaida, wakanusa pale alipozoea kukaa, wakasimama. Paskazia alikamua bila kutazama upande ule.

Haikupita muda mrefu Queen akarudi na boksi lile lile. Paskazia aliliona kwa mbali akaacha ufagio akakimbia, jambo ambalo umri wake ulikuwa umeshamkataza. Boksi lilipofunguliwa akatoka paka mweupe, kichwa na mkia vyeusi. Masikio yote yalikuwa mazima. Ng'ombe wa kwanza aliposogeza pua, paka yule alivimbisha manyoya akaruka hadi juu ya mlango.

"Huyu siye," Paskazia alisema.

"Ndiye. Amebadilika tu, mjini tulimwosha."

"Dada Queen, huyu ni jike."

Queen akakaa juu ya benchi la wageni, na Paskazia akaona kwamba macho yake ni mekundu. "Alitoka. Sijui ni gari, sijui ni mbwa. Nimemtafuta, mama, usidhani sikuumia. Lakini Jumamosi watu wanakuja, na dawa za baba nanunua mimi. Naomba unisaidie."

"Nikusaidieje?"

"Wewe ndiye mkamuaji, watakuamini. Ukiulizwa, sema ndiye."

Hivyo Jumamosi ile Paskazia hakupelekwa nyuma ya stoo. Alipewa kitenge kipya, akasimamishwa mbele. Mama mmoja kutoka mjini, mwenye miwani mikubwa, alimuuliza, "Ndiye yule wa kwenye video?"

Angeweza kusema siye. Masalu alikuwa pale, ng'ombe walikuwa pale, na hakuna aliyemshikia fimbo. Aliwaza chumba cha Teodora, watoto wamelala mkeka mmoja.

"Ndiye," alisema.

"Mbona anaogopa ng'ombe?"

"Ameumwa kidogo."

Maneno yalimtoka bila shida. Hilo ndilo lililomuuma baadaye. Yalitoka kama yale aliyowaambia ndugu za Pius.

Kwa kuwa paka mpya alikimbia kila mara, Queen alinunua kamba nyembamba ya bluu, akamfunga kwenye nguzo ya zizi la ndama siku za wageni. Jumatatu hadi Ijumaa Paskazia alimfungulia na kumwekea chakula stoo. Hakumpa jina, wala hakumrushia maziwa. Paka naye hakumtaka. Alimkwaruza mara mbili, na Paskazia hakumlaumu.

Jumapili moja wageni walikuwa wengi kuliko kawaida. Paskazia alikuwa ameenda ibadani kwa ruhusa. Mtu mmoja akaomba ndama wafunguliwe ili wapigwe picha wakiwa karibu na paka, na Queen akafungua. Ndama walifanya kama wafanyavyo siku zote, walikuja kunusa. Paka akaruka, kamba ikamrudisha, akaruka tena, na kamba ikazunguka mguu wa ndama yule mwekundu. Ndama aliposhtuka akakimbia. Kamba ikang'oka kwenye nguzo, paka akaburutwa. Masalu aliyekuwa upande wa pili alikuja mbio na panga, akaikata, lakini paka alikuwa ameshakufa.

Paskazia alirudi akakuta magari yanaondoka. Queen alikuwa analia, na alilia kweli. Mzee Jonathan alikuwa ametolewa nje kwenye kiti, akauliza nani alimfunga mnyama kamba zizini.

"Kazi ya banda ni ya Paskazia," Queen alisema, akiangalia chini.

Paskazia alimtazama Masalu. Masalu alikuwa anafuta panga lake kwenye nyasi, na aliendelea kulifuta hata baada ya kuwa safi.

"Mzee, mimi nilikuwa kanisani."

"Nani alikuwa anamfunga siku nyingine?" mzee aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Mzee alikuwa mgonjwa, na aliyemnunulia chakula na dawa alikuwa binti yake. Alishusha pumzi. "Paskazia, umefanya kazi nyingi hapa. Nenda ukapumzike kwanza. Tutakuita."

Hakuitwa.

Masalu ndiye aliyembebea mfuko hadi barabarani. Wakiwa wanangoja usafiri alitoa simu, labda kwa kuwa hakujua aseme nini. Queen alikuwa ametangaza msiba. Watu walikuwa wanaandika kwa mamia, pumzika kwa amani Bwana Afya, tutakukumbuka, wengine wakiweka picha za mishumaa.

"Wanamlilia nani?" Paskazia aliuliza.

"Sijui, dada." Masalu alikunja uso. "Dada, nisamehe. Nina watoto."

"Najua una watoto," alisema, akapanda gari.

Igogo, Teodora alimpokea, akasogeza mkeka. Siku za mwanzo Paskazia hakukaa nyumbani. Alikwenda kwenye mitaa inayozunguka mgahawa wa Queen, akachungulia vichochoro na mitaro, akiita, "Bwana Afya! Bwana Afya!" Mama ntilie waliposikia jina hilo walifunika sufuria zao haraka, na wauza matunda wakaanza kukusanya meza. Mmoja wa mama ntilie hao, Dorcas, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali, alimjia juu.

"Mama, usitufanyie utani huo. Unatuitia mkaguzi?"

"Namtafuta paka."

Dorcas alishusha sauti. "Paka anaitwa Bwana Afya?"

"Ndiyo."

Dorcas hakucheka. Alimpa kiti na chai. Alisema paka mwenye kofia nyeusi alimwona, alikaa siku kadhaa getini pa mgahawa akilia, samaki hagusi. Siku moja asubuhi alimwona anakwenda kule lilikoegeshwa lori la ng'ombe, ng'ombe wa kupelekwa machinjioni, akaingia chini yake. Lori liliondoka. Zaidi ya hapo hakujua.

Paskazia alimaliza chai, akashukuru. Hakutafuta tena. Dorcas alikuwa anahitaji mtu wa kuosha vyombo, naye akabaki.

Mwaka unakaribia kuisha sasa tangu afike Igogo. Teodora, ambaye ameonyeshwa video na watoto wake, humkasirikia mara kwa mara. "Dada, huu mkono ni wako. Hata kovu linaonekana. Kwa nini usiwaambie watu ukweli, wakamjua yule binti?"

"Waliniuliza ana kwa ana," Paskazia humjibu. "Nikasema ndiye. Leo nikisema siye, nani atanisikiliza?"

Paskazia huchukua kandambili zake na kwenda kwa Dorcas kabla foleni ya chai haijaanza.