Gitaa Linalokoroma

Mume wangu ana magitaa matano, na katika miaka kumi na minne ya ndoa yetu sijawahi kumsikia akimaliza wimbo mmoja. Anaanza vizuri. Vidole vinatembea, mimi najiachia kwenye kiti, halafu ghafla anakatiza, anainamisha kichwa na kuugonga uzi mmoja mara tatu, mara nne.

"Umesikia hiyo?" ananiuliza.

Sijasikia kitu. Anakwenda kuchukua vifaa, na wimbo umeishia hapo.

Mtaani wanamwita Bwana Nyuzi. Kazi yake ni kutengeneza meno bandia. Kutwa nzima yuko kwenye benchi akisugua meno ya watu asiowajua, na jioni anasugua magitaa kwa tupa zilezile nyembamba. Ukiingia sebuleni utadhani kuna mgonjwa anapasuliwa: gitaa limelazwa chali juu ya meza ya chakula, nyuzi zimetolewa, na chini ya shingo limewekewa taulo langu lililokunjwa kama mto. Taulo langu zuri, si lile la zamani. Magitaa hayo mimi nayaita wake wenza. Nilipoolewa yalikuwa mawili, nikavumilia.

Ugonjwa huu una chanzo, na chanzo ni baba mkwe. Mzee alikuwa fundi magari, fundi hasa, wa kusikia gari likikata kona akakwambia ugonjwa wake kabla halijasimama. Mume wangu alipokuwa na miaka kumi na saba alinunua gitaa la kwanza, akalibeba hadi gereji akampigie baba yake. Mzee alisikiliza huku anafuta mikono kwa tambara, akasema, "Linakoroma." Kisha akarudi chini ya gari. Basi, hilo tu. Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyozoea: akisikia hitilafu anaitaja. Lakini tangu siku hiyo, kila gitaa lililopita mikononi mwa mume wangu limepelekwa mbele ya mzee, na kila moja limepewa neno hilohilo. Kibaya zaidi, kila mara mzee alikuwa sahihi. Mume wangu, mtu mzima mwenye mvi za kuhesabika, anachotaka duniani ni kumsikia baba yake akisema halikoromi.

Jumatatu moja wifi yangu alipiga simu. Mzee anakuja kwetu Jumamosi, atakaa wiki mbili.

"Na mjiandae," wifi akasema. "Siku hizi kawa mkali kimyakimya. Unamwita, haitiki. Unamuuliza hiki, anakujibu kile. Sisi tumechoka."

Mume wangu hayo ya ukali hata hakuyasikia. Alisikia Jumamosi. Jioni ileile lile gitaa la kahawia, kipenzi chake, likapanda mezani. Jumanne akakaza chuma kilichomo ndani ya shingo ili shingo inyooke. Jumatano akakilegeza. Alhamisi ikanyesha mvua, akasema mbao imevuta unyevu, akakikaza tena. Alikuwa anakula amesimama. Usingizini vidole vyake vilikuwa vinacheza mgongoni mwangu, na si kwa mapenzi, alikuwa anatafuta noti. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimezoea watoto wasiotulia, lakini huyu alinitoa jasho.

Ijumaa, nakiri, gitaa lilikuwa safi. Alipiga uzi mmoja mmoja, juu hadi chini, hakuna uliokwaruza. Nikamwambia, "Sasa liache. Nakuomba, mume wangu, usiliguse tena."

"Siligusi," akasema.

Jumamosi asubuhi nilimkuta na tupa mkononi.

Pale juu shingoni kuna kipande kidogo cha mfupa chenye mifereji sita, kila uzi unapita kwenye mfereji wake. Yeye aliona uzi wa nne umekaa juu kidogo kuliko wenzake. Unywele tu. "Naupunguza kidogo," akasema, na kabla sijafungua mdomo alikwisha kusugua. Akapiga. Uzi ukakoroma kama mlevi. Mfereji umezidi kina, na mfupa ukishaliwa na tupa ni maji yamemwagika. Dawa ni kuujaza kwa unga na gundi, usubiri ukauke, uuchonge upya. Alikuwa anachanganya unga huo, ule wa kutengenezea ufizi wa bandia, wenye rangi ya waridi, mlango ulipogongwa.

"Shikamoo, baba," nikasema, nikimpokea mzee mfuko wake.

"Marahaba, mwanangu, marahaba."

"Nikuwekee maji ya moto ya kuoga, au ya baridi?"

"Njia nzuri tu, tumshukuru Mungu."

Nilidhani ni uchovu wa safari. Alipoketi alikuwa akitutazama midomo, mara mimi, mara mwanawe, kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa mbali. Hapo ndipo nilipoanza kushuku, lakini mume wangu alikuwa na lake. Hakuweza kusubiri mzee hata amalize chai. Aliuacha unga, akarudisha nyuzi na mfereji ukiwa vilevile mbovu, akaketi mbele ya baba yake, na kwa sauti ya mtoto wa miaka kumi na saba akasema, "Baba, hili nimelitengeneza upya. Sikiliza."

Akapiga. Alijaribu kuukwepa uzi wa nne, lakini utaukwepaje? Kila ulipoguswa bila kubanwa kwa kidole ulikoroma, hata mimi nilisikia, mimi nisiyesikia kitu. Akamaliza kipande kile, akainamisha kichwa kungoja hukumu.

Mzee akatabasamu. "Safi," akasema. "Safi kabisa. Leo halikoromi."

Nilimtazama mume wangu nikitegemea furaha. Haikuwepo. Akaupiga uzi wa nne peke yake, kwa nguvu.

"Na huu?"

"Safi, nimesema."

Akaupiga tena, na tena, mpaka kidole kikawa chekundu. "Baba, unakoroma! Huu hapa unakoroma, nimeuharibu asubuhi hii kwa mkono wangu. Huusikii?"

"Wewe, taratibu," nikasema, lakini nilikuwa nimechelewa. Mzee alikwishaelewa. Tabasamu likamfifia. Akaweka kikombe chini, akakikosa kisosi, chai ikamwagika kidogo, hakuna aliyeipangusa.

"Masikio yananiacha tangu mwaka jana," alisema. "Kwanza sauti za ndege, halafu simu, halafu nyie. Dada yako anadhani nina kiburi. Nikamwacha adhani hivyo. Mtu mwenye kiburi hawamhurumii."

Mume wangu, ambaye hakai akatulia hata msibani, alitulia. Mikono yake ilikuwa juu ya gitaa na haikufanya kitu. Nililia mimi, kwa niaba ya wote wawili.

Ni mzee aliyetutoa hapo. Aliinyoosha mikono yake na kusema, "Nina njia ya kusikia injini. Niletee bisibisi. Ndefu."

Mume wangu hataki mtu aliguse gitaa lile hata kwa kitambaa. Aliinuka, akaleta bisibisi. Mzee akaweka ncha ya chuma juu ya ubao wa gitaa, pale chini ya nyuzi, na mpini akaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Akamtazama mwanawe midomo.

"Bonyeza, baba," mume wangu akasema kwa sauti kubwa. "Bonyeza sana." Ncha ikazama kwenye rangi. Mzee akafumba macho, mume wangu akaupiga uzi wa nne.

Mzee alikunja uso. Akatikisa kichwa polepole, kama nilivyosimuliwa kuwa alikuwa akitikisa mbele ya magari ya watu.

"Linakoroma," alisema. "Tena vibaya. Fundi gani kaligusa hili?"

"Mimi, baba!" Mume wangu alikuwa akicheka huku machozi yanamtiririka. "Ni mimi!"

"Basi piga wimbo wote," mzee akasema, akafumba macho tena, bisibisi nyuma ya sikio. "Hivyohivyo na ubovu wake. Usikatize."

Akapiga mpaka mwisho.