Ruqayya Hali cha Kasino

Ruqayya wa Ngoliba alikuwa na kichwa kigumu, na mwenyewe hakukana. Mwaka wa tisini na sita alipokwenda Thika kumwona bintiye Zahra, alifungasha kama anayehama nchi: begi la marehemu mumewe mgongoni, ndani mbaazi za kuchemsha, chapati, chai, hata maji ya kunywa. Alidandia lori la mawe la jirani yake. Kulala, alisema, atalala msikitini upande wa wanawake. Jamani, mtu na mtoto wake wa kumzaa!

Kisa ni kwamba Zahra aligawa karata kwenye kasino ndogo karibu na stendi, na mama aliapa pesa ya kamari haitapita kooni mwake. Kila Zahra alipomletea unga na sukari Ngoliba, alirudishwa navyo. Lakini mama ni mama. Kila mavuno alimtumia mahindi kwa lile lori. Safari hii Zahra alimtuma dereva: "Mwambie mama aje ale kwangu. Akikataa, sitamwomba tena."

Chumbani kwake, mtaa wa Makongeni pale Thika, Zahra alimwandalia ugali na kunde.

"Karibu, mama."

"Nimekuja na changu," Ruqayya akasema, akafungua mbaazi zake.

"Hata hujauliza, mama."

"Niulize nini, na kazi yako naijua?"

Zahra alifunika sahani. Akavaa kizibao chake cheusi cha kazi, machozi yakimlengalenga. "Ukitoka, ufunguo mwachie Magdalene hapo jirani. Mimi nimechoka kuomba." Akaenda.

Mbaazi zikagoma kumezeka. Ruqayya aliinuka kurudishia mlango, na nyuma ya mlango akaona gunia limeshonwa kwa uzi mwekundu. Aliujua mshono ule, ulikuwa wake. Dirishani kunde zilikuwa zimeota kwenye mikebe, zile za majani membamba ambazo mbegu zake alizitoa yeye mwenyewe shambani.

"Unashangaa nini, mama Zahra?" Magdalene aliuliza kutoka mlangoni. "Hayo mahindi alipeleka kusaga jana. Hata pesa ya kusagia, alinisuka nywele nikamlipa. Alisema ya mama yapikiwe mama, na senti ya kasino isiyaguse."

"Astaghfirullahi," Ruqayya akasema. Aliona haya. Chakula chake mwenyewe, kutoka shamba lake mwenyewe, ndicho alichokikataa mbele ya mwanawe.

Hakungoja. Alitwaa ile sahani na begi lake akashika njia, ukaidi wote umemtoka, mpaka kwenye mlango aliokuwa hataki hata kuusikia ukitajwa.

"Haiya, mathe!" bawabu Wainaina alimzuia. "Chakula haiingii hapa."

"Wala mimi siingii. Niitie Zahra."

Zahra alipotoka, alimkuta mama yake ameketi kwenye ngazi za kasino, watu wakipita wakimtazama. Ruqayya alisema bismillahi, akamega tonge, akachovya kunde, akala.

"Kimepoa, mama."

"Nimekipoza mimi. Nisamehe, mwanangu."

Ndani sauti ilimwita Zahra arudi mezani. Hakugeuka. Aliketi kando ya mama yake, kizibao chake cha kazi kikiwa bado mwilini. Ruqayya akatoa ile chupa ya maji aliyoibeba kutoka Ngoliba ili asinywe ya bintiye, akamnawisha mikono.