Bangili za Turan Ndani ya Tanuri

Hapa Kashan hakuna asiyemjua Shirzad mchora vigae, na hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Sungura aliyemchora ungedhani ataruka atoke kwenye kigae. Ila kusubiri hakujui. Rangi yetu ya dhahabu haina dhahabu ndani. Ni fedha na shaba zilizosagwa, zikachorwa juu ya kigae kilichokwisha kuchomwa, kisha kikarudishwa motoni kula moshi siku tatu. Ukifungua tanuri kabla halijapoa, kazi yote imeharibika. Shirzad alishafungua mapema mara mbili, na mara zote mbili aliambulia masizi.

Safari hii walikuwa na vigae vya ukuta mzima wa kaburi huko Qom, na fedha ya kusaga ilikuwa imewaishia. Turan, mkewe, alivua bangili zake za harusi, zote sita, akazitumbukiza mwenyewe kwenye chungu cha kuyeyushia. Ndiyo maana moto ulipozimwa alitandika mkeka mlangoni pa tanuri, akakaa na sufu yake ya kusokota.

Shirzad alizunguka ua mpaka majirani wakachoka kumtazama. Mara amesikia kitu kimepasuka, mara anataka kuchungulia tu. Alimletea mkewe komamanga, akijua atainuka kunawa. Turan akala, akajifutia kwenye kanzu ya mumewe.

"Kitundu tu, Turan. Cha kupitisha kidole."

"Kidole chako nakijua, bwana. Kinafuatwa na mkono mzima. Kaa chini."

Hakukaa. Turan naye alikuwa ametulia kwa macho tu. Uzi ulimkatikia kila mara, na vidole vyake vilirudi kwenye kifundo kitupu cha mkono.

Asubuhi ya pili tanuri lilipoa. Turan alikunja mkeka, akamwambia mumewe afungue. Shirzad akaukodolea macho ule mlango, akasema labda kesho.

Ningekuwa mimi ningemzaba kofi. Turan aliubomoa mwenyewe ule mlango uliozibwa kwa udongo, akatoa kigae cha kwanza, cheusi tii, akakisugua kwa udongo uliolowa. Sikio la sungura likang'aa, kisha jicho, kisha mgongo wote. Shirzad alilia bila kujificha.

"Bangili zako hizo," alisema.

Turan alikigeuza kigae juani. Mkononi mwake hazikuwahi kupendeza hivyo, na hilo lilimuuma.

"Zilikuwa," alisema, akampa akiweke kwenye kikapu cha Qom.